Kikao cha klabu: kuna mchango wa viti mwendo na kuna mzee wa historia ya michezo, naviunganishaje?

mratibu_mpya

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo kwa mnaojua mambo ya hizi klabu za huduma kwa jamii, Rotary, Lions, Kiwanis na za aina hiyo, na wapenda michezo pia mnisaidie maana swali langu limekaa kotekote.

Iko hivi. Klabu yetu ina kikao cha kawaida, saa moja tu, ikizidi kidogo watu wanaanza kuangalia simu. Rais wa klabu kanikabidhi programu ya kikao kijacho ambacho kitakuwa na wageni, na kuna vitu viwili lazima viwemo. Kimoja ni mchango, tunatafuta hela ya viti mwendo vya michezo, vile ambavyo matairi yamelala kwa nje sio vile vya hospitali, kwa ajili ya timu ya vijana ya mpira wa kikapu. Kingine ni mgeni mzungumzaji, mwalimu mstaafu wa michezo, huyu mzee historia ya michezo yote iko kichwani, mtajie Olimpiki ya mwaka wowote atakwambia nani alishinda, nani alianguka na nani alikuja kunyang'anywa medali. Shida yake moja, akishika maiki haiachii.

Sasa kamati imegawanyika vibaya. Kuna wanaosema mzee aongee kwanza halafu kapu lipite, kuna wanaosema kapu kwanza kabla watu hawajachoka, na kuna mmoja yeye anasema historia ya michezo na mchango wapi na wapi, mzee aje siku nyingine. Mimi naona hivi vitu vinaweza kushikana kabisa ila sioni vishikanie wapi.

Kwahiyo ninachouliza ni hiyo saa moja ipangweje, mzee apewe mada gani manake ukimwambia tu "historia ya michezo" ataanzia Ugiriki ya kale na hatufiki, na hela ichangishwe vipi bila wageni kujiona wametegeshewa. Kuna aliyependekeza bahati nasibu pia. Karibuni.

---

kapu_halijai

Mkuu pole na hongera kwa mpigo, hiyo kazi ikienda vizuri sifa ni za mzungumzaji, ikiharibika wewe ndo uliipanga.

Mi nimekaa kwenye uweka hazina wa klabu muda mrefu kwahiyo nitaongea hela tu, historia wenyewe watakuja.

Hao wanaobishana kapu kwanza au hotuba kwanza wote wamekosa kitu kimoja, ombi linatajwa mara mbili ila linakusanywa mara moja. Mwanzoni kabisa rais asimame aseme kwa sentensi mbili tatu leo tunatafuta viti mwendo kwa ajili ya timu fulani, tutalirudia baadae, akae chini. Hapo hakuna aliyetegeshewa, kila mgeni anajua kilichomo. Alafu mzee aongee, maswali mawili matatu, na hapohapo kabla ya matangazo ya mwisho ndo fomu zipite. Sio baada ya kufunga kikao, ukishafunga nusu ya ukumbi iko mlangoni na nusu nyingine inatafuta funguo za gari. Na sio kabla ya hotuba, kwa sababu mtu ambaye hajaelewa anachangia nini anatoa cha kuondoa aibu basi.

Kitu kingine, usitaje jumla kubwa peke yake. Taja bei ya kiti kimoja, taja bei ya jozi ya matairi, taja bei ya mkanda wa kumshikilia mchezaji kiunoni. Mwenye nacho atachukua kiti kizima, asiyenacho atachukua mkanda na ataondoka amenyoosha shingo kama yule wa kiti. Na tafadhali sana spea ziwemo kwenye hesabu, kiti cha michezo kinagongana kila siku, tairi linapasuka, beringi zinakwisha, nimeona klabu zinapiga picha nzuri siku ya kukabidhi halafu baada ya msimu mmoja viti viko stoo vimeegeshwa ukutani havina matairi.

Ahadi ziandikwe. Jina, kiasi, tarehe ya kulipa, njia ya kulipa. Ahadi ya kunyoosha mkono ukumbini watu wanaipigia makofi na kuisahau hapohapo. Ila usiwasomee watu ahadi zao hadharani kama hawajakubali, kuna mtu anatoa vizuri tu ila hataki jina lake lisikike, na kuna anayetaja kubwa kwa sababu jirani yake kataja, huyo wa pili hutamuona tena, wala kwenye simu hapokei.

Kuhusu bahati nasibu, angalieni sheria ya hapo mlipo kwanza. Nchi nyingi zinaihesabu ni mchezo wa kubahatisha hata kama hela inaenda kwenye hisani, na inataka kibali. Watu wanadhani kwa vile ni klabu ya kusaidia basi wameruhusiwa kila kitu.

Na la mwisho hili ndo wageni wengi hawalijui, muwe na akaunti mbili. Moja ya uendeshaji wa klabu inayokula ada za wanachama, nyingine ya huduma. Lions wana kanuni kabisa kwamba hela iliyotoka kwa umma inarudi kwa umma, huwezi kuichukua ukalipia ukumbi au beji za wanachama. Hata kama klabu yenu sio Lions iga hiyo. Hela ihesabiwe na watu wawili ukumbini na kilichopatikana kitangazwe siku hiyohiyo kabla watu hawajatawanyika.

---

mzee_wa_rekodi

Nimecheka hapo kwenye maiki, mi mwenyewe nafahamika kwa ugonjwa huo.

Huyo mjumbe anayesema historia ya michezo na viti mwendo havihusiani mleteni hapa nimpe darasa. Mada ya mzee iko wazi mbona, mpe Stoke Mandeville, asitoke nje ya hapo.

Kwa wasioijua. Vita kuu ya pili wanajeshi wengi walirudi wamevunjika uti wa mgongo, na wakati ule mtu akivunjika uti wa mgongo alikuwa anahesabiwa kama tayari ameshakufa, analazwa, vidonda vya mgongoni vinaoza, mkojo unaleta maambukizi, anaondoka ndani ya muda mfupi. Sasa kulikuwa na daktari wa mishipa ya fahamu anaitwa Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza 1939, na 1944 serikali ikampa kitengo kipya kwenye hospitali ya Stoke Mandeville. Jamaa akaanza na mambo yanayoonekana madogo, wagonjwa wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili mchana na usiku, vidonda vikapungua, watu wakaacha kufa. Ikabaki shida nyingine, huyu mtu hafi, sasa anaishi vipi? Hapo ndo michezo ikaingia, na haikuingia kama burudani, iliingia kama tiba. Walianza hata na polo ya viti mwendo, wanapiga kwa fimbo, ikaonekana wanaumizana mno wakaiacha wakahamia mpira wa kikapu. Hiyo peke yake mzee akiisimulia vizuri ukumbi mzima utacheka, na vijana wenu wanacheza mchezo huohuo.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London inafunguliwa, Guttmann akafanya mashindano yake ya upinde na mishale kwenye nyasi za hospitali. Washiriki 16 tu, wanaume 14 na wanawake 2, wote wanajeshi waliojeruhiwa. Mwaka 1952 Waholanzi wakaja, ikawa ya kimataifa. Mwaka 1960 Roma, wachezaji kama 400 kutoka nchi 23, ndo inayohesabika Paralimpiki ya kwanza, na mpira wa kikapu ulikuwemo. Na usidhani mambo yalikuwa shwari, makazi waliyopewa yalikuwa na ngazi, wanajeshi wa Italia ikabidi wawe wanawabeba wachezaji na viti vyao kupandisha na kushusha. Mzee akifika hapo anyamaze kidogo, mtu mzima yeyote ukumbini atajiuliza mwenyewe huu ukumbi tuliokaa una ngazi ngapi.

Ila akikataa hiyo mada mpe Ray Ewry, huyu watu hawamjui kabisa. Mmarekani, aliugua polio utotoni, wakadhani hatatembea tena, akawa anafanya mazoezi ya miguu peke yake, akaja kuwa bingwa wa kuruka bila kukimbia, maana zamani Olimpiki ilikuwa na kuruka ukiwa umesimama tu, kuruka juu, kuruka mbali na miruko mitatu. Kati ya 1900 na 1908 alichukua dhahabu 8 na hakushindwa hata fainali moja. Na Wilma Rudolph vilevile, polio, mguu umefungwa chuma utotoni, halafu dhahabu 3 za mbio Roma 1960. Kama klabu yenu ni Rotary hapo ndo pa kwao, maana kampeni yao ya polio ilianza rasmi 1985 na wakati juhudi za dunia zinaanzishwa 1988 polio ilikuwa inapooza watu kama 350,000 kwa mwaka kwenye nchi zaidi ya 120, leo imeshuka kwa zaidi ya asilimia 99. Lakini nyie mnatafuta viti, msichanganye, shikeni Guttmann.

---

nimechoka_kuchangishwa

Mi nitakuwa mchawi wa uzi huu. Mnachokipanga hapa ndo kinachofanya watu wakiona mwaliko wa hizi klabu wanajifanya wana safari.

Mtu kaalikwa kuja kusikiliza mzee anaongea historia, kapanga muda wake, kavaa vizuri, kumbe hotuba yote ni barabara ya kuelekea mfukoni mwake. Kila hadithi inayosimuliwa anaanza kuhesabu hapa sasa wananileta wapi. Na mzee mwenyewe mmemuuliza kama anataka kutumika hivyo? Mwalimu aliyesoma hizi habari maisha yake yote, mnamgeuza tangazo. Mi nasema mzee aongee anachopenda, hata kama ni ndondi, mchango ufanyike na wanachama kwenye kikao chao wenyewe bila wageni. Wanachama si ndo waliapa kuhudumia?

Na hizo hadithi za mlemavu aliyeshinda kila kitu kwa juhudi zake, mmewahi kuuliza hao vijana wanajisikiaje kukaa pale mbele huku watu wazima wanafuta machozi? Wao wanataka kucheza, hawajaja kumliza mtu.

---

mzee_wa_rekodi

Hapo mwisho umepiga penyewe, hilo la machozi nakuunga mkono. Ndo maana nikasema Guttmann na vile vita vya fimbo, ni historia yenye ukorofi ndani yake. Hao wanajeshi walikuwa wakorofi sana, hawakuwa malaika.

Ila la kwamba mchango na michezo visikutane nakataa, vimekutana toka zamani. Chukua Dorando Pietri, London 1908. Muitaliano kaingia uwanjani anaongoza maratoni, kachanganyikiwa, kageukia upande usio, kaanguka mara 5, mita kama 350 za mwisho zimemchukua dakika 10, maofisa wakamshika wakamvusha mstari, wakapeperusha bendera, alafu Wamarekani wakakata rufaa na Pietri akaondolewa, dhahabu ikaenda kwa Johnny Hayes. Uwanja mzima ukaumia. Malkia Alexandra akampa kikombe cha fedha kilichopakwa dhahabu. Na Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa hadithi za upelelezi, ambaye alikuwa jukwaani anaandikia Daily Mail, akaanzisha mchango gazetini ili jamaa akafungue duka la mikate kwao, akatoa yeye mwenyewe pauni 5 za kwanza, na zikafika zaidi ya 300. Sasa niambie hao wasomaji walitegeshewa? Waliona, wakaguswa, wakatoa.

---

bibi_261

Naona wanaume mmejaa uzi mzima na historia yote mnayoitaja ni ya wanaume, asante kwa Wilma lakini alipita mbio kama kawaida yake 😂

Mratibu, kama kikao kina wageni na nusu yao ni wanawake basi mzee asisahau sehemu hii, na inazihusu hizi klabu moja kwa moja. Mwaka 1966 Bobbi Gibb alijificha vichakani karibu na mstari wa kuanzia wa maratoni ya Boston ndo akakimbia, maana fomu yake walimrudishia wakamwambia mwanamke hawezi mbali hivyo. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer akajiandikisha kwa herufi za kwanza tu za majina yake, akapewa namba 261, na njiani ofisa wa mashindano akaruka kwenye lami akitaka kumbandua ile namba. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Boston ikaja kuwaruhusu rasmi 1972, na maratoni ya wanawake Olimpiki ni mpaka Los Angeles 1984, Joan Benoit akashinda. Na kabla ya hapo msisahau 1928 Amsterdam, wanawake wakakimbia mita 800, wengine wakamaliza wamechoka kama mtu yeyote anavyochoka, magazeti yakaandika eti wameanguka ovyo, na umbali huo ukafutwa kwa wanawake mpaka 1960.

Sasa rudi kwenye klabu. Rotary, Lions na Kiwanis zote zilianza bila wanawake, Rotary 1905, Kiwanis 1915, Lions 1917. Wamefungua mlango lini? 1987. Rotary mpaka walipelekana mahakama kuu ya Marekani kwa sababu klabu moja ya California iliingiza wanawake ikafukuzwa na makao makuu. Yaani mwanamke ameruhusiwa kukimbia kilomita 42 Olimpiki miaka mitatu kabla hajaruhusiwa kukaa kwenye kikao cha saa moja na kupigiwa kengele. Mzee akisema hiyo mbele ya marais wa zamani wa klabu nataka niwepo nione nyuso zao.

Kwa hoja ya huyo aliyechoka, mi nadhani dawa ni rahisi tu, mwaliko useme ukweli. Kwenye karatasi iandikwe kutakuwa na mazungumzo ya historia ya michezo na tutachangia viti mwendo vya timu. Asiyetaka kuchangia aje asikilize aondoke na hakuna atakayemuangalia usoni. Na hao vijana waulizwe wenyewe wanataka kuja kufanya nini. Kama kuna nafasi hapo nje waje na viti vyao vya sasa hivi wacheze, na wageni wanaojiona fundi wakae kwenye kiti wajaribu kudunda mpira na kusukuma tairi kwa wakati mmoja. Hakuna hotuba itakayoishinda hiyo.

---

mratibu_mpya

Jamani nimejaza daftari. bibi_261 hilo la wageni kukaa kwenye kiti nimelipeleka kwa kocha wa timu, kasema vijana wamefurahi na wanasubiri kwa hamu kumuona rais wa klabu anapoteza mpira.

Kapu_halijai akaunti mbili tunazo, asante, ila la spea halikuwemo kabisa kwenye bajeti, naliingiza.

Nimeongea na mzee pia. Stoke Mandeville anaijua nje ndani na amekubali, lakini anataka aanzie Olympia ya kale "kwa utangulizi mfupi" na mimi huo utangulizi wake mfupi naufahamu. Namzuiaje bila kumvunjia heshima, ni mtu mzima na alinifundisha mimi mwenyewe. Na bado sijaelewa ahadi zinaweza kuunganishwaje na mchezo wenyewe, kuna mtu kanitajia habari ya kuahidi kwa kilomita.

---

mshika_saa

Hiyo ya kwa kilomita ni ya zamani na imefanya kazi kubwa sana, ngoja nikupe mfano wa Terry Fox maana ndo mwalimu wa hayo mambo.

Kijana wa Kanada, saratani ya mfupa, 1977 akakatwa mguu wa kulia juu ya goti akiwa na miaka 18. Tarehe 12 Aprili 1980 akachovya mguu wa bandia kwenye Atlantiki kule St. John's akaanza kukimbia kuvuka nchi, karibu maratoni nzima kila siku, kutafuta hela ya utafiti wa saratani. Mwanzoni hela ilikuwa ya kusuasua, kuna sehemu anapita hakuna hata anayejua huyu ni nani. Lakini akafika mji mdogo wa Port aux Basques wenye watu kama 10,000, wakampa zaidi ya dola 10,000. Hapo ndo lengo likapata sura, dola moja kwa kila Mkanada. Ona, sio "tunahitaji mamilioni", ni moja kwa kila mtu, ndo kilekile alichosema mweka hazina hapo juu kuhusu bei ya kiti kimoja. Alafu mwenye hoteli mmoja, Isadore Sharp, akaahidi dola 2 kwa kila maili na akazipa changamoto kampuni 999 nyingine zifanye hivyohivyo. Terry alikimbia siku 143, kilomita 5,373, akasimama tarehe 1 Septemba karibu na Thunder Bay kwa sababu saratani ilikuwa imefika mapafuni. Februari 1981 mchango ulikuwa umepita dola milioni 24, na hiyo ndo ilikuwa idadi ya Wakanada wakati huo. Alifariki Juni mwaka huohuo.

Kwa nyie msikimbize mtu kuvuka nchi. Wachezaji wapige mitupo kwa dakika chache, kila mgeni anayetaka anaandika ataahidi kiasi gani kwa kila mpira unaoingia, na aweke ukomo wake, hiyo ukomo ni muhimu maana kuna watoto wanafunga hawa, utamfilisi mtu. Mtu anashangilia huku analia. Na hapo ndugu yetu aliyechoka atakuwa ameridhika kidogo kwa sababu hao vijana wanafanya kazi yao ya kucheza, na hela inafuata uwezo wao. Hakuna cha huruma hapo.

Sasa mzee. Usimwambie aongee kwa kifupi, mwalimu ukimwambia kifupi anasikia umemwambia somo lake halina maana. Mpe kazi. Mwambie mwalimu naomba uanzie asubuhi ya tarehe 29 Julai 1948, wale 16 wako kwenye nyasi wanavuta upinde, halafu utueleze walifikaje pale. Akishaanzia hapo Olympia haina mlango wa kuingilia. Halafu mkalishe mtu anayemheshimu mstari wa mbele na saa, mkubaliane naye mzee mwenyewe kabisa, akiona kidole anajua zimebaki dakika tano. Sio katibu kumpelekea kikaratasi, ile inamdhalilisha mtu mbele ya wageni.

Na yote atakayokuwa hajayamaliza yageuzwe maswali. Hizi klabu si zina yule mtu wa kutoza faini za utani, Rotary ni sajenti, Lions wana wao kabisa kazi yake kuwachokoza wanachama? Mpe maswali ya mzee. Meza moja inaulizwa, kwa nini maratoni ni kilomita 42 na mita 195? Wakikosa wanalipa, wakipata meza ya jirani inalipa. Jibu ni London 1908, walipima kutoka Windsor Castle mpaka mbele ya kiti cha familia ya kifalme uwanjani, na urefu huo ukaja kupitishwa kuwa rasmi 1921, kabla ya hapo kila Olimpiki ilikuwa na urefu wake, ile ya Athens 1896 ilikuwa kama kilomita 40 tu. Ndo mbio zilezile za Pietri, na hapo sajenti aulize swali la mtego, je Conan Doyle ndo aliyemshika Pietri kumvusha mstari? Wengi watasema ndiyo maana hadithi imezagaa hivyo na kuna picha ya jamaa kavaa kofia watu wanadhani ni yeye. Hakuwa yeye, yeye alikuwa jukwaani anaandika.

---

kapu_halijai

Hiyo ya faini kwa meza naiiba, mratibu samahani. Ila hela ya faini iwe na bahasha yake tofauti na ahadi, msije mkachanganya kwenye kuhesabu. Faini za wanachama wenyewe klabu nyingi zinapeleka kwenye uendeshaji, sasa kama siku hiyo wageni nao wanatozwa basi yote iende kwenye viti na itangazwe hivyo kabla ya swali la kwanza.

---

nimechoka_kuchangishwa

Nimesoma mpaka hapa. Bado nasema nimechoka. Ila mwaliko ukiandikwa ukweli kama alivyosema bibi, na vijana wakiwa wanacheza badala ya kukaa mstari kama maonyesho, nitakuja. Swali la mzee kutoka kwangu mapema, amuongelee John Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa maratoni wa Tanzania, lakini asiishie pale kila mtu anapoishia. Wote tunajua Olimpiki ya Mexico 1968, kaumia njiani, goti limefungwa bandeji, kamaliza wa 57 zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Aseme na ya 1970 basi, michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh, Akhwari yuleyule kamaliza wa tano kwenye maratoni kwa saa 2 na dakika 15. Alikuwa mkimbiaji hatari, watu wamemfanya awe goti tu.

---

mzee_wa_rekodi

Eeeh kumbe umo! Kaa meza yangu siku hiyo, hatulipi faini hata moja.

---

mratibu_mpya

Basi nimepanga hivi, dakika 5 rais na ombi la kwanza, 20 mzee kuanzia kwenye upinde na mishale, 10 maswali ya sajenti, alafu wote nje dakika 15 kwa mitupo na ahadi zenye ukomo, tunarudi ndani dakika 10 kuhesabu na kutangaza. La Boston na la 1987 nimempa sajenti aliulize kama swali, na marais wa zamani nimewaweka meza moja. Mzee kakubali kuanzia 1948, kasema Olympia atawasimulia wachezaji pale nje wakati wanapasha misuli. Kocha kanipigia anauliza hiyo itachukua muda gani, sijamjibu bado.